Kamera za Daraja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Faida na Kasoro Zake

Kamera ya daraja ni kamera gani hasa?

Ni kamera ya dijitali yenye umbo na mshiko wa kamera kubwa za wapiga picha wa kazi, yenye kidirisha cha kutazamia kwa jicho na vitufe vya kurekebisha mwanga kwa mkono, lakini lenzi yake imefungwa kiwandani kwenye bodi na haitoki. Jina lilianza enzi za filamu, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kuwa kamera ya namna hii ilisimama kama daraja kati ya ile ndogo ya mfukoni na ile kubwa ya kubadilisha lenzi.

Leo zipo koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa kuvuta mbali sana: Nikon Coolpix P900 ya mwaka 2015, inayovuta kutoka milimita 24 hadi 2000 (milimita zikiwa nyingi, ndivyo inavyovuta mbali), P1000 ya mwaka 2018, inayofika 3000, na Canon PowerShot SX70 HS ya mwaka huohuo wa 2018, inayofika 1365. Ukoo wa pili huvuta kwa kiasi lakini una kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha, kikubwa zaidi: Panasonic FZ1000 ya mwaka 2014, inayofika milimita 400, na Sony RX10 IV ya mwaka 2017, inayofika 600. Tofauti ya koo hizi mbili itarudi karibu katika kila jibu lililo hapa chini, na asiyeijua hununua kwa kutazama tu namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi.

Inawezekanaje lenzi ya milimita 3000 ikabebwa begani?

Kwa kweli hakuna anayeibeba. Lenzi halisi ya P1000 ina urefu wa milimita 4.3 hadi 539, na hizo 3000 ni namba ya ulinganifu, yaani urefu ambao lenzi ingehitaji kuwa nao ili ipate picha ileile kwenye fremu ya filamu ya kawaida yenye milimita 36 kwa 24. Kihisi cha kamera hiyo, kile cha inchi 1/2.3, kina takriban milimita 6.2 kwa 4.6, kidogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho, kwa hiyo hukamata kipande kidogo tu cha taswira inayoletwa na lenzi, na kipande hicho kikijazwa kwenye picha nzima, kitu kilicho mbali huonekana kimesogea hadi mlangoni.

Mwenye kushika jambo hili moja amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya ukurasa huu. Udogo wa kihisi ndio unaoifanya lenzi ndefu iwe nyepesi na ya bei inayofikika, na udogo huohuo ndio unaoleta karibu kila lawama utakayoisikia dhidi ya kamera hizi. Eneo la fremu ya filamu ni kubwa kuliko la kihisi hicho kwa mara 30 hivi. Kihisi cha RX10 IV na FZ1000, kinachoitwa cha inchi moja ingawa kwa rula ni milimita 13.2 kwa 8.8, kinakizidi kile kidogo kwa mara nne.

Maandishi ya "zumu mara 60" yanamaanisha inaona mbali kuliko ya "mara 50"?

Si lazima. Namba hiyo ni matokeo ya kugawanya urefu mkubwa wa lenzi kwa urefu wake mdogo, basi. Panasonic FZ82 ina zumu ya mara 60 kwa kuwa inaanzia milimita 20 na kuishia 1200. Canon SX50 HS ya mwaka 2012 ina zumu ya mara 50 kwa kuwa inaanzia 24 na kuishia 1200 vilevile. Zote mbili zinafika mahali pamoja. Ya kwanza inashinda upande wa upana tu, yaani ukiwa umebanwa ukutani na unataka familia nzima iingie kwenye picha. Muulize muuzaji milimita, na akikutajia "zumu ya dijitali" usiihesabu kabisa, kwa kuwa hiyo ni kukata picha na kuikuza, kazi ambayo kompyuta yako nyumbani itaifanya bila malipo.

Ubora wa picha unapungua kiasi gani ukilinganisha na kamera ya kubadilisha lenzi?

Inategemea mwanga, na hapa inabidi kusema kwa urefu kidogo. Juani, kitu kikiwa kimetulia, picha ya P900 iliyochapishwa kwa ukubwa wa karatasi ya A4 humridhisha mtu yeyote asiyetafuta makosa kwa makusudi. Taabu huanza mwanga unapopungua, kwa sababu mbili zinazokuja pamoja. Kwanza, lenzi hizi hujifunga zinavyovutwa: P1000 huanza na tundu la f/2.8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo) lakini ikifika 3000 tundu ni f/8, na kwa namba hizo mwanga unaoingia umeshuka kwa takriban mara nane. Pili, kihisi kidogo kikipungukiwa na mwanga hulazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, na kuanzia ISO 800 kwenda juu chengachenga, vile vidoti visivyotakiwa, hujaa kwenye sehemu za giza, kisha programu ya kamera inajaribu kuzifuta na kuondoka pia na manyoya ya ndege na majani ya mti. Ukimwona kwenye picha ndege ambaye ubawa wake umekuwa kama umepakwa rangi ya maji, sababu ni hiyo.

Ipo na sababu ya tatu ambayo wauzaji hawaitaji. Mwanga ukipita kwenye tundu jembamba hutawanyika, na nukta moja ya nuru hufika kwenye kihisi ikiwa doa. Kwa f/8 doa hilo lina upana wa maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 10 hivi, ilhali pikseli za kihisi kidogo chenye megapikseli 16 zina maikroni 1.3 tu. Maana yake ni kwamba megapikseli zote zilizoandikwa kwenye boksi hazipatikani ukiwa umevuta hadi mwisho, hata lenzi ingekuwa safi namna gani.

Ukoo wa kihisi cha inchi moja una nafuu kubwa. RX10 IV ina f/2.4 ikiwa pana na f/4 ikifika milimita 600, na picha zake za ISO 1600 bado zinatumika. Hata hivyo, anayekwambia kwamba ni sawa na lenzi ya 600 ya f/4 ya wapiga picha wa michezo, ile yenye uzito wa kilo tatu, anakupotosha. Ukizingatia ukubwa wa kihisi, jumla ya mwanga inaoukusanya inalingana na lenzi ya f/11 kwenye kamera ya fremu kamili, yenye kihisi cha ukubwa wa ile fremu ya filamu. Canon walitoa lenzi ya namna hiyo hasa mwaka 2020, RF 600mm f/11, yenye gramu 930. Mwenye bodi ya Canon inayopokea lenzi za RF tayari angeitazama lenzi hiyo kabla ya kununua kamera ya daraja. Asiye nayo ataona kwamba RX10 IV, yenye gramu 1,095, inampa pia milimita 24 bila kubadilisha kitu.

Simu yangu mpya ina zumu kubwa. Kwa nini ninunue kamera?

Kwa picha za karibu, chakula, watu na mandhari, baki na simu yako. Kihisi kikuu cha simu nyingi za bei ya juu sasa ni kikubwa kuliko kile cha P900, na programu yake ina akili zaidi. Kamera ya daraja huanza kuiacha simu nyuma pale lenzi ndefu ya simu inapoishia: simu kama Samsung Galaxy S23 Ultra ilifika takriban milimita 230 kwa lenzi, na kinachozidi hapo ni kukuza tu. Tena baadhi ya simu hutambua kwamba unapiga mwezi na kuongeza maelezo ambayo lenzi haikuyaona. Kamera ya daraja hukupa ilichokiona, hata kikiwa kibaya.

Zinafaa kwa safari za mbugani?

Hapa ndipo nyumbani kwao. Ndani ya Serengeti au kreta ya Ngorongoro gari la mgeni wa kawaida haliruhusiwi kuacha njia, hivyo chui akiwa amelala juu ya tawi mita 150 kutoka barabarani, atabaki mita 150. Kwa milimita 600 fremu yako itachukua upana wa mita tisa za eneo lile, na chui atakuwa kijidoa katikati ya matawi. Kwa 2000 itachukua mita mbili na nusu hivi, na utamhesabia madoa. Kamera inayotoka milimita 24 za mandhari hadi uso wa chui kwa sekunde chache, bila kufungua bodi penye vumbi, haina mpinzani kwa bei yake.

Adui mkubwa ni hewa. Kuanzia saa nne asubuhi ardhi hupata joto, hewa huanza kuchemka juu ya nyasi, na mazigazi yaleyale unayoyaona kwenye lami huingia katikati yako na mnyama. Hakuna lenzi inayoweza kuyaondoa. Wengi hurudi wakilalamika kwamba kamera yao haina makali, kumbe picha zote za mbali walizipiga saa saba mchana. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ukichelewa, piga vilivyo karibu.

Adui wa pili ni mtikisiko wa gari. Kaka dereva akiombwa kwa heshima, "Kaka, samahani, naomba uzime injini kidogo," atazima, na tofauti utaiona palepale kwenye kioo cha kamera. Chukua pia mfuko wa kitambaa ulioshonwa na kujazwa kilo mbili za mchele au maharage, uuweke juu ya dirisha, ulaze lenzi juu yake. Unashinda tripodi ndani ya gari, na safari ikiisha, unapikwa.

Na ndege wanaoruka?

Ndege aliyetulia, ndiyo. Anayeruka, kwa shida. Kwa milimita 2000 fremu yote, ukitazama mita 100 mbele, haifiki mita mbili kwa upana, na kumpata mdiria ndani ya nafasi hiyo ni kama kuchungulia kupitia mrija. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana P900 ina kitufe ubavuni cha kurudisha zumu nyuma kwa muda mpaka umwone ndege tena, ukikiachia inavuta pale ilipokuwa. Kinasaidia. Hakitibu ukawiaji wa fokasi, yaani kazi ya kuipa picha makali, ambayo kwenye ukoo wa kuvuta mbali huhangaika mbele na nyuma kila mwanga unapopungua au matawi yanapoingia katikati. RX10 IV ni tofauti kabisa, kwa kuwa fokasi yake inatumia mfumo wa kamera za michezo na hupiga picha 24 kwa sekunde. Ukitaka yangeyange wanaporuka kurudi mikokoni jioni, chagua hiyo, au ingia kwenye kamera za kubadilisha lenzi.

Zinaweza kuutazama mwezi mwandamo?

Swali hili huongezeka kila Shaabani inapokaribia kwisha. Kwa mwezi mpevu hakuna wasiwasi: kwa milimita 2000 unachukua takriban asilimia 70 ya kimo cha fremu, na kwa 3000 unaijaza kabisa, wakati mwingine hata kukatwa ukingo. Hilali ya kwanza ni shughuli nyingine. Ni nyembamba, iko chini karibu na upeo, anga lenyewe bado lina mwanga, na kwetu pwani kuna ukungu wa bahari. Fokasi ya kamera haioni pa kushika. Iweke kwa mkono kwa kutumia Zuhura kama inaonekana, au taa iliyo kilomita nyingi, kisha usiiguse tena. Tumia tripodi na kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisitikise. Usielekeze lenzi jirani na jua kabla halijazama kabisa, kwani lenzi ndefu hukusanya joto na kukichoma kihisi.

Kama picha inatosha kuwa ushahidi wa mwandamo ni suala la masheikh na mabaraza yao, wala haliwahusu mafundi wa kamera.

Naweza kuanza biashara ya harusi kwa kamera ya daraja?

Kwa kihisi kidogo, hapana. Ukumbini taa ni za rangi na hafifu, bibi harusi anatembea, na ngozi za watu zitatoka kama plastiki. Kwa kihisi cha inchi moja na flashi nzuri inawezekana, na kwa video ya jukwaani kutoka viti vya nyuma ni raha hasa; Panasonic FZ2000 ya mwaka 2016 ilitengenezwa ikiwafikiria watu wa video, hata ikawekewa ndani vichujio vya kupunguza mwanga. Lakini kwa picha za mnato, kamera ya kubadilisha lenzi iliyotumika, hata ya zamani kidogo, ikiwa na lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, itakushindia kamera yoyote ya daraja mle ukumbini kwa gharama ndogo. Vilevile usitarajie mandharinyuma iliyofifia ukiwa chumbani. Utaipata kwa kurudi nyuma hatua 15 na kuvuta, jambo ambalo sebule nyingi haziruhusu.

Ni kweli kwamba lenzi isiyotoka huzuia vumbi?

Nusu ni kweli. Kihisi hakiachwi wazi kila mara kama kwenye kamera ambazo lenzi hubadilishwa, na hiyo ni faida kubwa kwa anayepita kwenye vumbi jekundu la Tsavo. Lakini mrija wa lenzi ukitoka na kurudi hufanya kazi kama pampu: hunyonya hewa, na hewa huja na vilivyomo. Vumbi likishafika ndani huwezi kulifikia. Fundi ni lazima afungue kamera nzima, na mafundi wanaokubali kazi hiyo ni wachache. Kwenye kamera ya kubadilisha lenzi ungefuta mwenyewe mezani.

Pwani tatizo ni unyevu. Kamera iliyofungiwa ndani ya begi miezi mitatu Zanzibar au Mombasa huota fangasi ndani ya lenzi, utando kama wa buibui. Ihifadhi kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, na uitoe mara kwa mara ipate mwanga. Vumbi la juu ya kioo liondoe kwa pampu ndogo ya mpira; ukipuliza kwa mdomo unapaka mate. Panasonic FZ330 na Sony RX10 IV zimezibwa dhidi ya vumbi na manyunyu, ingawa hilo halimaanishi kuogeshwa.

Betri hukaa muda gani?

Kwa vipimo vya watengenezaji, P900 hupiga takriban picha 360 kwa chaji moja, RX10 IV 400, na P1000 250 tu. Kuvuta zumu kunakula betri. Nunua ya pili siku unayonunua kamera.

Kuna umuhimu wa faili ghafi za RAW?

RAW ni data ya kihisi kabla kamera haijaichakata. Kwa kihisi kidogo umuhimu wake ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa ndipo chengachenga hufutwa na programu bora ya kompyuta badala ya ile ya haraka iliyo ndani ya kamera. P900 haitoi RAW. P950 ya mwaka 2020 na P1000 zinatoa. Kama hutahariri picha zako, puuza jambo hili.

Ninunue ipi basi?

Anayependa ndege waliotulia, mwezi, meli za mbali na wanyama wa mchana, na bajeti yake ni ya wastani, achukue P900 iliyotumika au P950. P1000, ambayo ilitoka ikiuzwa takriban dola 1,000 Marekani, ina gramu 1,415. Nimeona watu wakiinunua kwa shauku na kuiacha nyumbani safari ya tatu. P1100 ya mwaka 2025 ina lenzi ileile, kwa hiyo uzito haukuondoka. Anayetaka kamera moja tu ya kufanyia karibu kila kitu atafute ya inchi moja: FZ1000 kwa bei nafuu, RX10 IV kama mfuko unaruhusu, kwani ilizinduliwa kwa dola 1,700 hivi. Mwenye kutembea kwa miguu sana asiidharau SX70 HS, yenye gramu 610.

Nikinunua iliyotumika nikague nini?

Mimi nililipia somo hili. Duka moja jijini Dar es Salaam liliniuzia kamera ya daraja iliyovutwa mbele yangu mara mbili ikafanya vizuri. Kesho yake, ikiwa imevutwa hadi mwisho, mrija uligoma kurudi, maandishi ya hitilafu ya lenzi yakatokea, na dukani nikajibiwa kwamba mali ikishauzwa hairudi. Kwa hiyo vuta na urudishe angalau mara 20, ukizima na kuwasha katikati, na usikilize: sauti iwe laini, isikwaruze wala kuchagachaga. Shika mrija ukiwa nje uutikise taratibu. Kucheza kidogo ni kawaida, kulegea si kawaida. Mulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu kutoka pembeni, utafute utando wa fangasi. Piga picha ya ukuta mweupe au anga tupu ukiwa umevuta hadi mwisho, uikuze kwenye kioo, na madoa meusi yanayobaki mahali palepale katika kila picha ni vumbi la ndani. Fungua kifuniko cha betri uone kama betri haijavimba na vituo vyake havina kutu ya kijani. Mwambie muuzaji mapema, "Nitakaa nayo nusu saa hapahapa, mzee wangu," na akionyesha kukereka, mrudishie kamera yake kwa upole.